Fedha za mwani, bwawa la mwatiko na chambo hai



Wiki hii tumeiweka kando mada tuliyoiahidi, kwa sababu ya barua ya dada yetu mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja ambayo tumeona haifai kusubiri. Mume wake ni mvuvi wa mshipi. Amesikia kwa wenzake kwamba mwenye samaki wadogo walio hai ndani ya chombo hurudi na jodari na nguru, ilhali mwenye vipande vya ngisi hurudi na changu wa kula nyumbani tu. Na kwamba samaki hao wadogo wanaweza kufugwa bwawani badala ya kutafutwa baharini kila alfajiri. Sasa anataka kuchimba bwawa la mwatiko. Fedha anazozitegemea ni akiba ya mkewe, aliyoijenga kidogo kidogo kwa kulima mwani. Dada yetu anauliza mambo mawili: je, habari hizo zina ukweli, na je, yeye ana haki ya kusema hapana?

Swali la pili lina jibu fupi, basi tulitangulize. Mali ya mke ni ya mke. Nafaka, nguo na nyumba ni juu ya mume, hata kama mke ni tajiri kuliko yeye. Qur'ani, katika Surat an-Nisaa, imemruhusu mume kula katika mahari ya mkewe kile tu ambacho mke amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake, na kama hivyo ndivyo ilivyo katika mahari ambayo yametoka kwa mume mwenyewe, itakuwaje katika fedha alizozichuma kwa kuinama majini tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi? Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na toka wakati huo nyumba nyingi za mashariki zimesimama kwa mikono ya kina mama. Dada yetu akisema hapana, hana dhambi. Akisema ndiyo, ana haki ya kujua anasema ndiyo kwa jambo gani.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Kwamba samaki mkubwa humfuata samaki mdogo aliye hai kuliko kipande cha nyama iliyolala, hilo halina mzozo. Jodari, nguru, kolekole na nduwaro ni wawindaji wa mwendo. Huona mng'ao wa ubavu unaogeukageuka, na miili yao imeumbwa na mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko mdogo wa maji hata pale jicho lisipofika. Samaki mdogo aliyetundikwa ndoana huogelea kama mgonjwa, na mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Wavuvi wetu wa Nungwi, Kizimkazi na Matemwe hawakungoja mtu awafundishe haya. Kabla ya kufika kwenye maji makubwa huanza kwa kutafuta vibua, na akipatikana aliye hai huthaminiwa kuliko waliokufa.

Taabu ni kumpata. Alfajiri nzuri, wakati jodari wanapopanda juu, huishia katika kutafuta chambo. Zaidi ya hayo, dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka hawajikusanyi chini ya taa, na siku hizo mwenye mshipi hukosa chambo kabisa au hununua cha juzi kilicholainika. Na hata siku za giza, mvuvi wa mshipi anashindana na mnunuzi mwenye fedha kuliko yeye. Dagaa wanaoanikwa Kama na pwani nyengine za magharibi ya kisiwa hupakiwa magunia kwa magunia, wakavuka bahari na kufika hadi Kongo. Hatuwalaumu wachuuzi, ni biashara ya halali na imewapa kina mama wengi kazi ya kuchemsha na kuanika. Lakini dagaa ndiye pia kitoweo cha nyumba isiyomudu jodari, na kila ndoo inayokwenda kuwa chambo ni ndoo iliyotoka kwenye sufuria ya mtu. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayotufanya tulione wazo la mume wa dada yetu kuwa ni wazo la mtu mwenye kufikiri, wala si ndoto ya barazani.

Mwatiko ni samaki wa ajabu kwa kazi hii. Hana meno, chakula chake ni utando wa kijani unaoota chini ya maji ya chumvi yenye jua, pamoja na vijidudu vilivyomo humo. Hutaga bahari kuu, na vifaranga vyake, vyembamba kama uzi na vyenye macho mawili meusi, husukumwa na maji kuingia kwenye vijito vya mikoko. Huvumilia maji ya chumvi kali na maji yaliyochanganyika na mvua, huvumilia joto na msongamano, na ubavu wake ni fedha tupu. Indonesia, Ufilipino na Taiwan wamemfuga kwa karne nyingi kwa ajili ya kula, na wavuvi wa jodari wa Indonesia na Taiwan hununua mwatiko wadogo kutoka mabwawani wakawatia hai kwenye mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Kwa hiyo jambo hili si uzushi wa mtu. Linafanyika, na wako watu wanaoishi kwalo.

Kwetu sisi ufugaji wenyewe si mgeni. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa Unguja, ilifanya majaribio Makoba tangu miaka ya mwisho ya 1990: mwatiko katika mabwawa, na maji yanayotoka kwao yakipita kwa chaza na mwani ili yarudi baharini yakiwa safi. Pemba wapo wafugaji, Tanga na Mtwara wapo, na jirani zetu wa Kilifi na Kwale nchini Kenya wana vikundi vilivyochimba nyuma ya mikoko. Karibu wote hao wamefuga kwa ajili ya kula. Kumfuga kwa ajili ya chambo ni hatua nyengine, na kwenye hatua hiyo ndipo tunapomwomba mume wa dada yetu atulie kidogo.

Kwa mwatiko wa kula, mfugaji husubiri miezi sita hadi tisa. Kwa mwatiko wa chambo, mwenye urefu wa kiganja, miezi miwili hadi mitatu kwa kawaida hutosha. Hilo ni jema, fedha hurudi upesi. Lakini tufanye hesabu ya mfano. Tuseme amepanda vifaranga 2,000 na nusu yao wakafa, wakabaki 1,000. Chombo kimoja kikichukua 40 kwa safari, safari tatu kwa wiki, ni 120. Baada ya wiki nane na siku chache bwawa ni tupu. Maana yake bwawa moja dogo linalisha chombo kimoja, basi; si diko zima. Anayeota kuwauzia wavuvi wote wa kijiji anahitaji mabwawa matatu au manne yanayopokezana, na mtu wa kuyalinda usiku na mchana, kwa sababu ndege huyaona mabwawa kabla ya wanunuzi, kaa hutoboa matuta, na mvua za masika hubomoa kilichobaki. Wezi hatuwataji.

Maji nayo yana saa yake. Lango la bwawa hufunguliwa kwenye bamvua, maji yanapopanda vya kutosha kuingia. Siku za maji mafu, yaliyomo ndiyo hayo hayo, yanazidi joto na chumvi. Lango lisipokuwa na wavu mwembamba huingia samaki wala samaki, na mfugaji huja kugundua baada ya miezi miwili kwamba amemnenepesha mgeni. Kabla ya kupanda, bwawa hukaushwa juani mpaka lipasuke, hutiwa chokaa, kisha samadi ya kuku kidogo ili utando wa kijani uote. Hapa tuongeze neno: mwatiko atakayebaki bila kuuzwa ataliwa, kwa hiyo kinachotiwa bwawani kiangaliwe. Mnyama aliyezoea kula najisi mpaka nyama yake ikabadilika, wanazuoni wamechukia kuliwa kwake mpaka asafishwe kwa kulishwa kilicho safi. Samadi inayootesha majani si sawa na taka za choo kutupwa majini, na tofauti hiyo mwenye bwawa anapaswa kuijua.

Safari ya kutoka bwawani hadi baharini ndiyo inayoua wengi. Mwatiko ni mgumu lakini magamba yake ni mepesi. Akishikwa kwa mkono mkavu au akisuguana kwenye wavu mbaya humwagika magamba, na kesho yake amekufa. Wenye uzoefu hawamlishi siku moja kabla ya kumhamisha, ili asiyachafue maji ya pipa. Humhamisha jioni au alfajiri, maji yakiwa ya baridi, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ikifanya kazi muda wote. Pipa lifunikwe, maana huruka. Ngarawa haina nafasi ya pipa kubwa. Kwake linafaa tenga la matundu linalofungwa ubavuni, chombo kikisimama. Boti ya faiba inaweza kubeba pipa, kwa gharama ya nafasi ya samaki na ya watu.

Tunapenda hapa kuwataja ndugu zetu wa Maldivi, kwa sababu ni Waislamu wa bahari kama sisi, na kwa sababu Ibn Batuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuja kuwa kadhi huko kwao miaka kumi na kitu baadaye na akaeleza samaki wao waliokaushwa. Wamaldivi huvua jodari kwa mianzi, mmoja mmoja. Tumbo la chombo chao lina sehemu yenye matundu ambamo maji ya bahari huingia na kutoka, na humo hukaa samaki wadogo hai kwa maelfu, waliovuliwa karibu na miamba. Wakifika kwenye kundi la jodari, mtu mmoja huwarusha wadogo hao majini kwa pawa na wengine hunyunyiza maji ili uso wa bahari uonekane kama unachemka. Jodari hupagawa, na hukamatwa kwa ndoana tupu inayong'aa. Samaki hai pale hatundikwi hata kidogo. Tafadhali msomaji aliweke hilo akilini, tutalirudia.

Upande mwengine wa dunia, Kiribati katika bahari ya Pasifiki, walijaribu hasa lile analolitaka mume wa dada yetu, kwa ukubwa wa serikali. Katika miaka ya 1970 yalichimbwa mabwawa makubwa Temaiku, kisiwani Tarawa, ili kufuga mwatiko wa chambo kwa vyombo vya jodari. Mwatiko walikua na kazi ya chambo waliiweza. Kilichoshindwa ni vyombo: biashara ya uvuvi ule wa mianzi haikujilipa, vyombo vikasimama, na mabwawa yakabaki na samaki wasio na mnunuzi wa chambo. Wakauzwa kwa watu wakala. Sisi tunaona kisa hicho kina habari mbili, mbaya na njema. Mbaya ni kwamba mwenye bwawa ni mtumwa wa bahati ya mwenye chombo. Njema ni kwamba mwatiko, tofauti na vijisamaki vingine vya chambo, akikosa ndoana ana sufuria. Ana miiba mingi, kweli, lakini akipakwa pilipili na ndimu na kuokwa, au akipikwa kwa tui, watoto wa Unguja hawamkatai.

Liko suala la vifaranga. Wafugaji wengi wa pwani yetu bado huwategemea wale wa kukamata kwenye vijito, mara nyingi kwa kipande cha chandarua wakati wa bamvua. Humo hunaswa pia watoto wa mkizi, wa kamba na wa samaki wengi wengine, na asiyechambua kwa subira huwaacha wafe kwenye mchanga. Kama tunafuga chambo ili tuwaache dagaa baharini, halafu tunaua watoto elfu wa samaki wengine ili tupate wetu mia, tumefanya nini? Kituo cha kutotolea vifaranga vya viumbe vya baharini kilichopo Beit-el-Ras, kilichojengwa kwa msaada wa FAO na Korea Kusini, kilianzishwa kwa sababu ya matatizo ya aina hii. Mume wa dada yetu aende huko na kwa maofisa wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi kwanza, aulize kinachopatikana na kwa bei gani, kabla ya kununua jembe. Na ardhi pia: Zanzibar ardhi ni mali ya Serikali, mikoko haikatwi kwa hiari ya mtu, na bwawa lisilopita kwa sheha na idara zinazohusika ni bwawa litakalofukiwa.

Sasa lile la ndoana. Baadhi ya wasomaji watauliza: je, inafaa kumchoma samaki aliye hai ili amvute mwenzake? Sisi si mamufti. Tunaeleza tuliyoyasoma, na mwenye haja zaidi yupo sheikh wake. Chakula cha baharini ni halali, na samaki hahitaji kuchinjwa. Kwa upande mwengine, Mtume (s.a.w.) ameamrisha wema katika kila jambo hata katika kuchinja, na amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ibn Qudama, katika al-Mughni, amenukuu kwamba Imam Ahmad alichukia kuvua kwa chambo chenye roho kwa sababu ya kumuadhibu mnyama, pamoja na kwamba kilichovuliwa ni halali. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, Imam Nawawi katika Minhaj ameona kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba samaki mdogo akimezwa hai si haramu, jambo linaloonyesha kuwa samaki hakuwekwa sawa na mnyama wa nchi kavu. Mwenye kuyapima haya, mwelekeo wetu ni huu: mvuvi anayetafuta riziki na asiyepata njia nyengine tusimharamishie, lakini asifanye mchezo. Samaki afaaye akiwa amekufa atumike akiwa amekufa. Anayetundikwa hai asiachwe usiku kucha kwenye mshipi usio na mtu. Na njia ya Wamaldivi, ya kurusha chambo bila kukichoma, ni bora kwa moyo na kwa wema, pale penye kundi la jodari.

Kuhusu kuuza: tunasikia tayari wenye mabwawa wanauziana samaki waliomo majini kwa kukisia. Hili ni katazo la wazi kwa mafakihi. Samaki aliye ndani ya maji, asiyeonekana wala kukamatwa bila ya taabu, hauzwi, kwa sababu hakuna anayejua anauza nini. Mvuvi akitaka kulipa mapema ili ajihakikishie chambo, mlango upo, nao ni salam: fedha zote zitolewe pale pale kwenye kikao, na kitajwe kinachouzwa, urefu wake, idadi yake, siku na mahali pa kukabidhiana. Wanazuoni wa Kishafii wameruhusu salam katika wanyama. Lakini tajiri anayekopesha nyavu au mashine kwa sharti kwamba mkopaji amuuzie yeye tu, kwa bei ya chini kuliko ya mnadani, huyo amejipatia faida juu ya mkopo, na madiko yetu yamejaa mikataba ya namna hiyo ambayo watu huiita msaada. Bwawa lisije likawa kamba nyengine ya shingoni.

Basi dada yetu afanye nini? Ushauri wetu ni kwamba asitoe akiba yote, wala asitoe kwa bwawa jipya. Mume anunue kwanza mwatiko kwa mfugaji aliyepo, wa kutosha safari kumi, kaskazi hii, baada ya kusi kutulia. Aandike kila safari: chambo wangapi walifika hai, samaki gani walipatikana, walinadiwa kiasi gani, mafuta yalikula kiasi gani. Safari tano na chambo hai na tano na chambo cha kawaida, kwenye maji yale yale. Gharama ya jaribio hilo haifiki robo ya kuchimba bwawa, na jibu lake litakuwa la bahari yao wenyewe, si la Indonesia.

Jaribio likijibu vizuri, na nafsi yake ikiridhika, achague sura ya fedha zake mapema. Zikiwa ni zawadi, asizidai tena hata siku ya ugomvi. Zikiwa ni mkopo, ziandikwe, washuhudie mashahidi, zirudi kama zilivyo bila nyongeza. Kuandikiana deni kumeamrishwa katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, na hakuna ndani yake neno la kuwavua mume na mke. Zikiwa ni ushirika, wawe waangalifu, kwa kuwa mafakihi wetu wa Kishafii wameifunga mudharaba kwenye biashara ya kununua na kuuza, na ufugaji una maelezo yake. Waende wote wawili kwa sheikh wao na karatasi mkononi. Asiyefurahi kuona mkewe anaandika, na aseme sababu mbele ya sheikh huyo.

Tunamwomba dada yetu atuletee habari za safari hizo kumi zikikamilika, tutazichapa bila ya jina lake. Barua ya mzee wa Jang'ombe kuhusu mirathi ya nyumba ya vyumba vinne tutaijibu wiki ijayo, Inshaallah.